Barua, Pombe na Dagaa: Uhawilishaji wa Stadi za Uandishi Baina ya Tanzu katika Fasihi ya Ukerewe na Funzo Lake kwa Darasa la Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna stadi ya uandishi inavyohama kutoka utanzu mmoja hadi mwingine, kwa kurejelea kazi za waandishi wawili wa Ukerewe, Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi. Ufundishaji wa utungaji katika shule za sekondari huushughulikia kila utanzu kama kalibu inayojitegemea, na matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huanza upya kila anapokabidhiwa aina mpya ya insha. Makala yanadai kwamba kinachohama baina ya tanzu si umbo, bali ni maarifa na mbinu, na kwamba mbinu hufaulu katika makazi mapya pale tu inapopewa kazi mpya. Dai hili linajengwa kwa kuhakiki maelezo ya utaratibu katika riwaya ya Kitereza pamoja na matumizi ya barua na lugha ya kawaida katika kazi za Kezilahabi. Kisha linahamishiwa darasani kupitia mfano wa uanikaji wa dagaa katika mialo ya Mwanza.

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hukutana na tanzu nyingi za uandishi katika somo la Kiswahili. Hufundishwa insha za kisanaa na zisizo za kisanaa, barua ya kirafiki na barua rasmi, hotuba, risala, matangazo, ripoti na kumbukumbu za mikutano. Hutakiwa pia kutunga hadithi fupi, ngonjera na mashairi. Kila utanzu una kipindi chake, na aghalabu kila kipindi kina orodha yake ya sehemu za kukariri. Barua rasmi ina anwani mbili, kichwa cha habari na sahihi. Hotuba ina salamu kwa wahudhuriaji kulingana na vyeo vyao. Insha ina utangulizi, kiini na hitimisho. Hata tahakiki ya vitabu teule imepata kalibu yake katika mtihani: hoja tatu kutoka kila kitabu, kila hoja ikiwa na mfano wake.

Orodha hizi si kosa. Utanzu ni mkataba baina ya mwandishi na msomaji, na mkataba una masharti yanayopaswa kufahamika. Tatizo huzuka pale masharti yanapofundishwa bila sababu zake. Mwanafunzi aliyesimulia safari ya Nansio kwa ufasaha siku ya Jumatatu huandika ripoti kavu isiyo na mpangilio siku ya Alhamisi, ilhali ripoti nayo inahitaji mfuatano wa matukio ulioibeba simulizi yake. Stadi anayo. Asichojua ni kwamba anaruhusiwa kuondoka nayo.

Makala haya yanalitazama tatizo hilo kwa jicho la uhakiki wa fasihi. Mkabala huu una msingi katika mahali penyewe. Ukerewe, wilaya ya visiwa katika Mkoa wa Mwanza, imetoa waandishi ambao kazi zao ni ushahidi wa wazi wa uhawilishaji wa stadi. Mwalimu wa Mwanza anayetafuta mfano halazimiki kwenda mbali. Mfano uko ng'ambo ya maji, safari ya kivuko tu.

2. Mkabala wa Kinadharia

Mawazo mawili yanaongoza uchambuzi. La kwanza ni la Mikhail Bakhtin kuhusu tanzu za usemi. Bakhtin anatofautisha tanzu sahili, kama vile mazungumzo ya kila siku na barua binafsi, na tanzu changamano, kama vile riwaya na tamthilia. Tanzu changamano huzimeza tanzu sahili na kuzigeuza. Barua iliyomo ndani ya riwaya hubaki na umbo la barua, lakini uhusiano wake wa moja kwa moja na maisha hukatika, nayo huanza kuishi kama sehemu ya tukio la kifasihi.

La pili linatoka katika saikolojia ya elimu. David Perkins na Gavriel Salomon, katika kazi yao ya mwaka 1988, wanaeleza njia mbili za uhawilishaji. Njia ya chini hutegemea mfanano: hali mpya inapofanana na ya zamani, stadi hujiamsha yenyewe. Njia ya juu huhitaji fikra: mtu huitenga kanuni kutoka katika muktadha wake na kuipeleka kwa makusudi katika muktadha usiofanana nao. Wataalamu hao wanatahadharisha kwamba uhawilishaji wa njia ya juu hautokei kwa kutumainiwa tu, sharti ufundishwe.

Mawazo haya yakiunganishwa, yanazaa swali la uhakiki na la ufundishaji kwa pamoja: mbinu iliyotoka katika utanzu fulani inafanya kazi gani katika utanzu ilikohamia? Swali hili ndilo kipimo kinachotumika katika sehemu zinazofuata.

3. Kitereza: Maelezo Yanapogeuka Tukio

Aniceti Kitereza (1896–1981) alifika kwenye riwaya akiwa na mzigo wa tanzu nyingine. Alisoma seminari ya Rubya, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za kigeni, akawahi kufanya kazi ya biashara Mwanza, kisha akaishi Kagunguli akiutumikia misheni. Alikusanya hadithi, mila na historia ya Wakerewe. Mswada wa riwaya yake aliukamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945. Baadaye aliufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980.

Kusudi lake lilikuwa kuhifadhi lugha na maisha ya Wakerewe kwa ajili ya vizazi ambavyo vingeyasahau. Ndiyo maana riwaya imejaa maelezo ya utaratibu: namna ya kuamkiana, kulima, kuvua, kutibu na kutengeneza pombe. Wingi huo wa maelezo ndio unaozua swali la utanzu. Je, hii ni riwaya yenye maelezo ya kiethnografia, au ni ethnografia iliyovishwa vazi la riwaya?

Swali likiulizwa hivyo halina jibu lenye manufaa, kwa kuwa linaihukumu kazi nzima kwa mkupuo mmoja. Jibu hupatikana kwa kutazama kila maelezo na kazi yake. Chukua suala la pombe ya ndizi. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto, na maneno ya ndugu wa mume yanawafanya wazazi wa mke wamchukue binti yao. Myombekere anapokwenda kumkomboa, wakwe wanamtoza pombe. Maelezo ya namna pombe inavyotengenezwa yangeweza kusimama peke yake katika daftari la mkusanyaji wa mila. Ndani ya riwaya, hata hivyo, kila hatua ya utengenezaji ni hatua ya kumkaribia mke. Msomaji hasomi tena ili ajue pombe hutengenezwaje. Anasoma akitaka kujua kama itakuwa tayari, na kama itapokelewa. Subira ambayo ndizi zinadai kabla ya kuiva imekuwa subira ya mume. Aidha, kazi isiyoweza kukamilishwa na mtu mmoja inamwonesha Myombekere akiwategemea majirani, na hivyo ndoa inadhihirika kuwa jambo la jamii nzima.

Hapo mbinu ya maelezo imepewa kazi mpya. Mpangilio wa hatua kwa hatua, ambao ni stadi ya ripoti, umekuwa chombo cha taharuki. Uhawilishaji umekamilika.

Si kila mahali hali iko hivyo. Zipo sehemu ambapo maelezo ya desturi yanaendelea baada ya tukio kupata kila lililohitaji kutoka kwayo. Wahusika husimama pembeni wakisubiri maelezo yaishe. Katika sehemu hizo mbinu imehama bila kubadili kazi. Bado inahifadhi, wala haisimulii. Kwa kipimo cha riwaya peke yake, huo ni udhaifu. Lakini uhakiki wa haki hauna budi kukumbuka kwamba kuhifadhi kulikuwa sehemu ya kusudi la mwandishi, naye alikuwa akilipa gharama ya kisanaa kwa faida aliyoithamini zaidi. Msomaji wa leo anayetafuta adabu ya kuamkiana baina ya mkwe na mkwe wa Kikerewe hatalalamika kwamba sura ni ndefu.

Tofauti hii ina uzito kwa mwalimu. Mwanafunzi anayeingiza maelezo marefu katika hadithi yake huandikiwa pembeni kwamba ametoka nje ya mada. Pengine ni kweli. Lakini pengine ameleta stadi halali kutoka katika utanzu mwingine, na anachohitaji ni kuulizwa maelezo hayo yamfanyie nini mhusika wake. Alama ya wino mwekundu huifuta stadi, swali huihamisha.

4. Kezilahabi: Barua Mikononi mwa Msomaji Asiyekusudiwa

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Aliandika riwaya, mashairi, hadithi fupi, tamthilia na uhakiki. Upana huo peke yake hauthibitishi uhawilishaji, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na vipaji viwili visivyosalimiana. Ushahidi uko ndani ya kazi zenyewe.

Katika Rosa Mistika (1971), mgogoro wa mapema unatokana na barua. Rosa anaandikiwa na Charles, barua inamfikia Zakaria, baba yake, Rosa anapigwa. Ukali huo wa baba unaweka kivuli juu ya maisha yake yote ya baadaye, kuanzia shuleni Mwanza hadi chuoni Morogoro. Darasani, barua ya kirafiki hufafanuliwa kwa anwani moja, tarehe, salamu na lugha ya kawaida. Kezilahabi anaonesha kwamba kiini cha barua ni jambo jingine, nalo ni mpokeaji. Maneno ni yaleyale, karatasi ni ileile, lakini msomaji amebadilika, na kwa sababu hiyo maneno ya upendo yamekuwa ushahidi wa mashtaka. Huo ndio mgeuko anaouzungumzia Bakhtin: riwaya imeimeza barua, nayo imeacha kuwa chombo cha mawasiliano ikawa chanzo cha msiba.

Mwanafunzi anayelitambua hilo amejifunza kuhusu barua kuliko orodha ya sehemu zake inavyoweza kumfunza. Atajua pia kwa nini barua rasmi ina masharti magumu: imeandikwa kwa kutarajia wasomaji wasiokusudiwa. Itafunguliwa na karani, itawekwa kwenye jalada, na huenda ikasomwa na ofisa mwingine baada ya miaka mingi. Kichwa cha habari, kumbukumbu namba na lugha isiyo na mafumbo ni kinga dhidi ya hatari iliyompata Rosa. Masharti yaliyoonekana kuwa mapambo sasa yana sababu.

Mfano wa pili ni ushairi. Kichomi (1974) ilizusha ubishani kwa kuacha vina na mizani, na katika utangulizi wake Kezilahabi alitetea matumizi ya lugha ya kawaida ya watu katika ushairi. Ubishani huo umeacha urithi mbaya shuleni: shairi huru hufafanuliwa kwa kile lisichokuwa nacho. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba shairi huru halina vina wala mizani huchukua aya ya insha, akaikatakata, na kuziita vipande vyake mishororo. Uhawilishaji wa namna hiyo ni wa njia ya chini. Umbo limefananishwa na umbo, kazi haikuulizwa.

Kezilahabi hafanyi hivyo. Akishaondoa vina, analazimika kutafuta kitakachobeba mdundo badala yake: takriri, taswira inayokua kutoka ubeti hadi ubeti, mahali pa kukata mshororo ili neno la mwisho libaki likining'inia. Kutoka katika nathari anachukua sauti ya mtu anayezungumza na hali halisi inayotambulika. Anaacha viunganishi vinavyoeleza kila uhusiano baina ya sentensi. Kujua cha kuacha ni sehemu ya stadi ya kuhamisha. Baadaye safari inageuka. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), ufinyu wa lugha na uzito wa ishara, ambavyo ni mali ya ushairi, vinaingia katika riwaya na kuivunja mifupa ya uhalisia iliyoishikilia Rosa Mistika. Daraja lilijengwa kwa ajili ya kupita upande mmoja, likatumika kurudi.

5. Dagaa Darasani

Hoja iliyopatikana kwa Kitereza na Kezilahabi inaweza kupimwa kwa mfano mdogo. Chukulia mwanafunzi wa kidato cha pili anayeishi jirani na Mwaloni, Kirumba, au katika mwalo wowote wa Ziwa Viktoria. Anajua kuanika dagaa. Anajua jambo ambalo vitabu vyake havimwelezi: kwamba adui wa dagaa ni mvua. Maarifa hayo ni mamoja; tanzu ni nyingi.

Katika maelezo ya utaratibu anaweza kuandika: Dagaa huanikwa juani tangu asubuhi. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huharibika.

Katika barua rasmi kwa mtendaji wa kata: Kwa kuwa mwalo wetu hauna vichanja vya kutosha, dagaa wengi huanikwa mchangani, na mvua moja hutosha kuharibu mavuno ya usiku mzima. Hivyo, tunaomba eneo la kujenga vichanja.

Katika hadithi fupi: Mama alitazama ziwani. Wingu lilikuwa bado mbali, lakini upepo ulikwisha kugeuka. Hakusema neno. Alianza kukusanya kutoka upande wa mwisho, pale walipoanikwa dagaa wa deni.

Mvua ni ileile. Katika maelezo ni tahadhari. Katika barua ni sababu ya ombi. Katika hadithi ni tishio, na kupitia tishio hilo msomaji anajua kuna deni. Mwalimu anayezipanga aya hizi tatu ubaoni bega kwa bega ana somo zima mbele yake. Swali la kwanza si kwamba barua ina sehemu ngapi. Ni kwamba mvua inafanya kazi gani hapa, na kwa nini barua imesema mavuno ya usiku mzima ilhali hadithi imenyamaza kuhusu kiasi. Mwanafunzi atagundua kwamba ofisa anahitaji kupima hasara, ilhali msomaji wa hadithi anahitaji kuihofia.

Mpangilio huu unadai mabadiliko matatu tu. Kwanza, mada moja idumu kwa vipindi kadhaa na tanzu zibadilike, badala ya kila utanzu kuja na mada yake ngeni. Pili, kila zoezi liambatane na sentensi chache ambazo mwanafunzi anaeleza alichokichukua kutoka katika zoezi lililotangulia, alichokiacha na sababu yake. Hapo ndipo njia ya juu ya Perkins na Salomon inapopitika. Tatu, dondoo za fasihi zisomwe katika kipindi cha utungaji, si katika kipindi cha uhakiki peke yake. Ukuta baina ya fasihi na matumizi ya lugha umejengwa na ratiba. Kitereza na Kezilahabi hawakuutambua.

Stadi za kuhamishwa hazianzi na maandishi pia. Katika Usukuma, mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu yamelea ufundi wa kumjibu mpinzani kwa kuligeuza neno lake mwenyewe. Mwanafunzi aliyekua akisikiliza majibizano hayo ana msingi wa insha ya hoja, ambayo nayo hudai kuisikia hoja ya upande wa pili kabla ya kuipangua. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba mambo hayo mawili ni ndugu.

6. Pingamizi

Mkabala huu unaweza kupingwa kwa hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba Kitereza na Kezilahabi walikuwa na vipaji visivyo vya kawaida, na kwamba njia ya msanii si njia ya mwanafunzi. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama makala yangedai kwamba mwanafunzi ataandika kama wao. Dai ni dogo zaidi: kwamba kazi zao zinaonesha kwa uwazi mchakato ambao kwa mwanafunzi umefichika. Tena, sehemu ambazo Kitereza hakufaulu kikamilifu zina manufaa darasani kuliko zile alizofaulu, kwa kuwa zinamwonesha mwanafunzi kwamba ugumu wake si wa kijinga.

Pingamizi la pili ni mtihani. Mtahini huipa alama anwani ikiwa mahali pake. Hatoi alama kwa daraja baina ya tanzu. Mwalimu mwenye darasa kubwa na muhula mfupi ana haki ya kufundisha kile kitakachopimwa. Hili halijibiki kwa kulidharau. Jibu lililopo ni kwamba mwanafunzi aliyekariri kalibu kumi bila sababu zake ana mambo kumi ya kusahau, ilhali aliyeelewa kwamba kila sharti la umbo linatokana na msomaji anaweza kulijenga upya sharti alilolisahau. Hata hivyo, upungufu wa njia hii ukubalike: inahitaji muda wa mazungumzo, na mazungumzo ni magumu pale madawati yanapokuwa machache kuliko wanafunzi.

7. Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba stadi ya uandishi huhama kwa kubadilishiwa kazi. Kwa Kitereza, utaratibu wa kutengeneza pombe uligeuka safari ya kumrudisha mke. Pale usipogeuka, riwaya ilisimama na kumbukumbu ikaendelea. Kwa Kezilahabi, barua iligeuka msiba ilipobadilika mikono, na nathari ikaingia katika ushairi baada ya kuacha baadhi ya mizigo yake mlangoni. Waandishi hawa hawakuziona tanzu kama vyumba vilivyofungwa.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza mwandishi ametumia mbinu gani. Ukiongeza swali la mbinu hiyo imetoka wapi na imepewa kazi gani mpya, utakuwa umelitumikia darasa bila kuacha kuwa uhakiki. Mtoto wa Mwaloni tayari anajua wingu likielekea ziwani maana yake nini. Kilichobaki ni kumfundisha mahali pa kuliweka wingu hilo katika ripoti, katika barua na katika shairi.